Ujumbe wa Simu Hupita Wapi?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, watu wa Dar es Salaam, Zanzibar, Blantyre, Maputo na Kampala waliona mtandao ukigoma. Picha za WhatsApp zilizunguka bila kufunguka, malipo yakakwama katikati, na simu za video zikakatika kila baada ya maneno mawili. Wengi walifanya kinachofanywa siku zote: walizima simu wakaiwasha, wakaangalia salio la bando, wakahamia uani kutafuta mnara. Haikusaidia, kwa sababu simu zilikuwa nzima na minara ilikuwa nzima. Kilichoharibika kilikuwa chini ya Bahari ya Hindi, karibu na pwani ya Afrika Kusini, ambako mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika kwa wakati mmoja. Tanzania na kisiwa cha Mayotte ndivyo vilivyoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulitangaza kufunga huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya hali ya mtandao nchini.

Simu ya mkononi huficha jambo moja vizuri sana. Anayeishika huamini anatumia chombo kisicho na waya, na macho yake yanamthibitishia hivyo. Lakini ujumbe anaoutuma hupita hewani kwa sehemu ndogo tu ya safari: mita mia kadhaa mjini, kilomita chache kijijini, kutoka simu hadi mnara. Baada ya hapo mara nyingi huingia kwenye waya, na ukielekea bara jingine hushuka baharini. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka kutoka bara moja hadi jingine duniani hupita kwenye mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Setilaiti, pamoja na sifa zake zote, hubeba sehemu ndogo iliyobaki.

Kila mtandao wa kompyuta, uwe wa ofisi yenye mashine tatu au wa dunia nzima, unahitaji njia ya kupitishia data. Njia zenyewe ni za aina mbili. Kuna zile zinazouongoza ujumbe ndani ya kitu kinachoshikika, kama shaba au kioo. Na kuna zile zinazouachia hewani uende kama mawimbi ya redio au mwanga. Kila njia ina kazi inayoiweza na kazi inayoishinda, na ukizijua hizo, mambo mengi ya kila siku yanaeleweka: kwa nini intaneti inasuasua chumba cha pili, kwa nini mvua kubwa humtesa mwenye dishi, na kwa nini ajali ya baharini huko Durban, Afrika Kusini, inaweza kumzuia mtu wa Mbeya kutuma barua pepe.

Shaba ndiyo mkongwe wa kazi hii, na katika pwani ya Afrika Mashariki historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Zanzibar ilifikiwa na mkongo wa baharini mwaka 1879, zama za Sultani Sayyid Barghash, na ulikuwa wa telegrafu. Mwezi Januari wa mwaka huo majeshi ya Uingereza yalishindwa vibaya na Wazulu pale Isandlwana, na habari ile ilifika London baada ya takriban siku 20, kwa kuwa kusini mwa Afrika hakukuwa na waya wa kuipeleka. Aibu hiyo iliharakisha kazi. Kabla mwaka haujaisha kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza mkongo kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji, ghuba ya Delagoa ambako leo ni Maputo, hadi Durban. Ndani yake mlikuwa na waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu mgumu wa miti ya Asia ya kusini mashariki, uitwao gutapacha, ili maji ya chumvi yasiufikie umeme.

Kanuni ya shaba haijabadilika tangu wakati huo. Upande mmoja hupandisha na kushusha nguvu ya umeme, upande wa pili husoma mabadiliko hayo. Tatizo ni kwamba waya hufanya pia kazi ya antena: hunasa kelele za umeme kutoka kwenye taa, mota na nyaya jirani, na kelele hizo huchanganyika na ujumbe. Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, alipata hataza mwaka 1881 ya dawa iliyo rahisi kuliko ugonjwa. Ukichukua nyaya mbili ukazisokota pamoja, kila kelele inayoingia huzipata zote mbili kwa kiasi kilekile. Mashine inayopokea hupima tofauti kati ya nyaya hizo, na kwa kuwa kelele ni sawa pande zote, inajifuta. Ujumbe unabaki.

Ndiyo sababu fundi akikata kebo ya mtandao wa ofisini hukuta nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne, kila jozi kwa msokoto wake ili zisisumbuane. Kebo ya daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde, na ya Cat6A hubeba gigabiti 10. Kikomo chake ni mita 100. Ikizidi hapo, umeme umedhoofika na makosa huongezeka, hivyo lazima iwekwe swichi katikati au itumike njia nyingine. Shule yenye madarasa yaliyotawanyika katika uwanja mpana hukutana na kikomo hiki mapema sana.

Mnunuzi anastahili kuonywa hapa. Madukani zimejaa kebo zilizoandikwa Cat6 ambazo ndani yake si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ni nyepesi, ni za bei ya chini, na hukatika kirahisi zikikunjwa. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo kebo hiyo ikitumiwa kuipelekea kamera ya ulinzi data na umeme kwa pamoja, hupata joto na nguvu hupotea njiani. Njia rahisi ya kuikagua ni kukwaruza ncha ya waya kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, si shaba. Ofisi nyingi zimebadilisha rauta mara mbili na tatu wakati ugonjwa ulikuwa ukutani.

Shaba ina adui mwingine asiyehusiana na fizikia. Inauzika. Kwa miaka mingi kampuni za simu za Afrika Mashariki zilipoteza nyaya zao kwa wezi waliozipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mitaa mizima ikabaki na nguzo tupu. Kioo kilipokuja kilileta faida ambayo hakuna mhandisi wa Ulaya aliyeipigia hesabu: mwizi akikikata hana pa kukiuza.

Habari ya kioo inaanza na mtu aliyeamini jambo ambalo wenzake waliliona ndoto. Charles Kao alizaliwa Shanghai mwaka 1933 na alikuwa akifanya kazi katika maabara ya mawasiliano huko Harlow, Uingereza. Kwamba mwanga unaweza kufungiwa ndani ya kioo au mkondo wa maji ilijulikana tangu karne ya 19. Ukiingia kwa pembe inayofaa hauwezi kutoka. Unarudishwa ndani kila unapogonga ukingo. Kikwazo kilikuwa uchafu. Nyuzi za kioo za wakati huo zilikuwa zinaumeza karibu mwanga wote ndani ya mita ishirini hivi. Mwaka 1966 Kao na mwenzake George Hockham walichapisha hoja kwamba kosa si la kioo chenyewe bali ni la madini yaliyochanganyika nacho, na kwamba kikisafishwa vya kutosha kitafaa kwa simu. Wakaweka shabaha: angalau asilimia 1 ya mwanga ibaki baada ya kilomita 1.

Asilimia 1 inasikika kama kushindwa, lakini ilitosha. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning huko Marekani walitengeneza uzi ulioivuka shabaha hiyo. Leo uzi wa kawaida unaotumika kwenye mikongo hubakisha asilimia 1 ya mwanga baada ya kilomita 100. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, umbali umekua mara mia.

Uzi wenyewe, uitwao faiba, ni mwembamba mno. Kiini kinachobeba mwanga kwenye faiba za masafa marefu kina upana wa takriban sehemu 9 za elfu moja za milimita, na kimezungukwa na kioo cha aina nyingine kinachoukinga mwanga usitoroke. Mwanga unaotumika hauonekani kwa macho. Ni wa infraredi. Tena si mwanga mmoja. Rangi nyingi za infraredi hupitishwa kwa pamoja ndani ya uzi uleule, kila rangi na data yake, na upande wa pili hutenganishwa. Kwa sababu unaobebwa ni mwanga, radi haiusumbui, nyaya za umeme zilizo kando haziusumbui, na faiba mia zikilazwa pamoja hazisikilizani. Serikali ya Tanzania ilipoanza kuujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, tabia hiyo ilikuwa na maana kubwa, kwani faiba zinaweza hata kufungwa kwenye nguzo za umeme wa msongo mkubwa pasipo kudhurika. Mkongo huo sasa unafika mipakani na kuunganisha Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi.

Mwaka huohuo wa 2009, wakati Kao akitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, mikongo ya kwanza ya faiba ilikuwa inatua Afrika Mashariki. Hadi wakati huo pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitegemea setilaiti, kwa bei ambayo kampuni nyingi ndogo hazikuimudu. Mwezi Juni mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Julai ikawashwa Seacom. Mwaka 2010 ikafuata EASSy, yenye urefu wa takriban kilomita 10,000 kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan, ikitua Maputo, Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine njiani. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kuamini kwamba kulikuwa na wakati wa kungoja nusu saa kupakua wimbo mmoja katika mgahawa wa intaneti wa Kariakoo.

Mkongo wa baharini, ukiwa kwenye kina kirefu, una unene wa milimita ishirini hivi. Ndani yake mna faiba chache, nyuzi za chuma za kuupa nguvu, na bomba la shaba. Shaba haijastaafu. Kila baada ya kilomita 60 hadi 100 huwekwa kifaa cha kuukuza mwanga uliochoka, na kifaa hicho kinahitaji umeme, ambao hupelekwa kutoka nchi kavu kupitia shaba hiyohiyo kwa maelfu ya volti. Karibu na ufuko, ambako meli hutia nanga na wavuvi huburuta nyavu, mkongo huvikwa deraya la chuma na mara nyingi hufukiwa.

Hata hivyo hukatika. Duniani kote hutokea hitilafu 150 hadi 200 kila mwaka, na nyingi husababishwa na nanga na zana za uvuvi. Mombasa inalijua hilo. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa ikaukata mkongo wa TEAMS. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo. Inaaminika iliburutwa na nanga ya meli Rubymar, iliyokuwa imepigwa kombora na Wahouthi wa Yemeni ikaachwa ikielea. Na Agosti 2023, upande wa Atlantiki, maporomoko ya udongo katika bonde refu la chini ya bahari linaloanzia mdomoni mwa Mto Kongo yalikata mikongo ya WACS na SAT-3.

Utafutaji wa pale palipokatika ni kazi ya akili nyingi. Fundi hatumi mzamiaji. Huketi katika kituo cha ufukweni akatuma mmweko wa mwanga ndani ya uzi, kisha akapima muda unaochukua kurudi. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo muda ukijulikana, umbali hadi kwenye mkato unajulikana. Halafu huitwa meli, na hapo ndipo subira inapohitajika, kwa sababu meli za kazi hiyo ni chache. Mikongo ya pwani ya Kongo ilitengenezwa na Léon Thévenin, meli ya mwaka 1983 yenye makao Cape Town, ambayo hulazimika kusafiri siku nyingi kabla ya kuanza kazi. Ikifika huuvua mkongo kwa ndoano kubwa, huuinua hadi sitahani, na mafundi huunganisha faiba mojamoja kwa kuziyeyusha ncha.

Sasa inaeleweka kwa nini Mei 2024 iliuma vile. Mkongo mmoja ukikatika, data hugeuzwa ikapita mwingine. Lakini mlango wa kaskazini wa Seacom ulikuwa umefungwa tangu Februari kwa ile ajali ya Bahari ya Shamu, na sasa mlango wa kusini nao ukafungwa, pamoja na wa EASSy. Kenya ilikuwa na nafuu kwa sababu mikongo mingine inatua Mombasa na kuelekea kaskazini kwa njia yake yenyewe. Idadi ya mikongo peke yake si kinga, ikiwa yote inapita mahali pamoja. Kinga ni kuwa na njia tofauti, za baharini na za nchi kavu. Mkongo wa 2Africa, uliobuniwa kuwa na urefu wa kilomita 45,000 na kulizunguka bara zima, unatua Mombasa na Dar es Salaam, na ni msaada mkubwa. Msaada wa namna nyingine, usiotajwa sana, ni vituo kama KIXP cha Kenya na TIX cha Tanzania, ambako kampuni za intaneti hubadilishana data za ndani ya nchi. Benki ya Arusha ikiwasiliana na tawi lake la Mwanza, hakuna sababu data hiyo ipitie Ulaya.

Upande wa hewa nao una asili yake, na inapendeza kwamba ilianza visiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Norman Abramson alihamia Chuo Kikuu cha Hawaii, ambacho matawi yake yalitawanyika katika visiwa kadhaa. Laini za simu zilikuwa ghali na mbovu. Yeye na wenzake wakaamua kuziunganisha kompyuta kwa redio, na Juni 1971 mtandao wao, ALOHAnet, ukaanza kazi. Swali gumu lilikuwa hili: ikiwa wote wanatumia masafa mamoja, nani azungumze lini? Abramson alijibu kwa ujasiri kwamba kila mmoja atume anapotaka. Jumbe mbili zikigongana zikaharibika, kila mtumaji angoje muda wa kubahatisha kisha atume tena. Hesabu zilionyesha kuwa kwa utaratibu huo ni asilimia 18 tu ya uwezo wa masafa inayotumika vyema, lakini ulifanya kazi.

Kijana mmoja aitwaye Robert Metcalfe aliusoma utafiti huo, akaona unaweza kuboreshwa. Tarehe 22 Mei 1973, akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, aliandika waraka wa kuanzisha mfumo alioupa jina la Etheneti. Akachukua wazo la redio akaliingiza ndani ya kebo nene, akaongeza adabu: sikiliza kwanza, na kama kuna anayezungumza, ngoja. Karibu kila kebo ya mtandao inayochomekwa leo ofisini inafuata ukoo wa waraka ule. Yaani waya wa kisasa ulijifunza kazi kwa redio.

Tofauti kubwa kati ya hewa na waya imefichika katika habari hiyo. Waya wa leo ni wa mtu mmoja. Hewa ni ya wote. Wanaotumia waifai moja wako kama watu waliokaa baraza moja: anayesema ni mmoja kwa zamu, na wakizidi wingi kila mmoja hungoja zaidi. Ndiyo maana mtandao wa hoteli huwa mwepesi alfajiri na kuwa mzito saa mbili usiku, ilhali rauta ni ileile. Na kwa kuwa mawimbi hayachagui masikio, jirani anaweza kuyanasa. Nywila ya waifai kazi yake si kumzuia asiyelipa tu. Ndiyo inayofumba ujumbe usisomeke na apitaye njiani.

Waifai ilizaliwa kutokana na uamuzi wa serikali ya Marekani wa mwaka 1985 wa kuyaachia huru masafa ambayo watu waliyaona hayana thamani, yakiwemo ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya oveni za maikrowevu. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 1997, kilikuwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Rauta nyingi za sasa hutoa masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5. La kwanza huenda mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini limejaa vifaa vya kila aina. La pili lina kasi kubwa ila ukuta huliumiza. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ni mtihani mkubwa kwa masafa hayo. Mabati huyarudisha mawimbi yalikotoka, na tenki lililojaa maji huyameza. Rauta iliyofichwa nyuma ya friji kwa ajili ya kupendezesha sebule imenyimwa kazi yake.

Anayepita chini ya mnara wa simu akiinua macho ataona mambo mawili. Vibao virefu vilivyosimama wima ndivyo vinavyozungumza na simu za watu. Vile vya duara vilivyofanana na ngoma havizungumzi na simu kabisa. Vinatazamana na ngoma nyingine kwenye mnara wa mbali, na kupelekeana data kwa mawimbi ya maikrowevu. Ni lazima vionane bila mlima wala jengo katikati, na ndiyo sababu minara hupenda vilele. Katika masafa ya juu, matone ya mvua ya masika huyadhoofisha mawimbi hayo. Kampuni za simu zinaendelea kuiunganisha minara kwa faiba, mmoja baada ya mwingine.

Setilaiti hujibu swali la mahali ambako faiba haitafika karibuni. Afrika Mashariki ilizijua mapema: kituo cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970. Setilaiti za zamani hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 35,786. Mwanga wenyewe huchukua karibu robo sekunde kupanda na kushuka, na jibu nalo hivyohivyo, kwa hiyo mazungumzo huwa ya kungojana hata mashine ikiwa bora kiasi gani. Setilaiti za Starlink, zilizofika sokoni Kenya Julai 2023, huzunguka kwenye kilomita 550 hivi, na kungojana huko kumepungua sana. Lakini nazo hatimaye hushusha data kwenye kituo cha ardhini, na kituo hicho kimeunganishwa kwa faiba.

Kumekuwa na majaribio mengine. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya wenye Google, ilirusha maputo takriban 35 katika anga ya Kenya, kilomita 20 juu, yakitoa huduma ya Telkom Kenya. Teknolojia ilifaulu, biashara haikulipa, na Januari 2021 ikatangazwa kufungwa. Ujuzi wake haukupotea. Namna maputo yalivyozungumziana kwa miali ya mwanga iligeuzwa kuwa mradi wa Taara, ambao mwaka 2021 uliziunganisha Brazzaville na Kinshasa. Miji hiyo miwili inatazamana ng'ambo ya Mto Kongo, kilomita 4.8 tu, lakini faiba ingelazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400. Taara ikavusha mwanga juu ya maji pasipo uzi wowote, na katika siku 20 ukapita mzigo wa karibu terabaiti 700. Ukungu mzito ndio adui wake.

Kwa mwenye nyumba, mkuu wa shule au msimamizi wa zahanati, hukumu ni nyepesi kuliko maelezo. Kitu kisichohama, kama kompyuta ya mezani, kamera au runinga, kipewe waya. Kitu kinachotembea na mtu kiachiwe hewa. Majengo yaliyo mbali zaidi ya mita 100 yaunganishwe kwa faiba, na kama mtaro hauchimbiki, kwa antena mbili zinazotazamana. Kwa taifa, fedha ya umma ianze na faiba yenye njia zaidi ya moja hadi kila wilaya, kwa kuwa bila hiyo hata mnara mrefu hauna pa kuupeleka ujumbe unaoupokea.

Na faiba hiyo inahitaji ulinzi wa watu wa kawaida. Nchi kavu hakuna nanga. Kuna magreda, majembe na wachimba mitaro ya mabomba. Kando ya barabara nyingi kuu kuna vigingi vifupi vinavyoonyesha mahali mkongo ulipofukiwa, na wengi huving'oa bila kujua ni vya nini. Mkandarasi, mwenye kiwanja, mwenyekiti wa mtaa: kabla ya kuchimba, waulizeni wenye mkongo umepita wapi, na kigingi mkikikuta, kiacheni mahali pake.